Mguu wa Baba Uliomtoa Mama Ndani

Jumamosi, Mahurunga. Asubuhi kulikuwa na umande wa kuloanisha sketi mpaka magotini, halafu jua likatoka kali, na sasa hivi alasiri upepo wa kusi unavuma mpaka imebidi nikalie ncha ya khanga isipeperuke. Simu yangu imeshika tena mtandao wa ng'ambo ya mto, imenikaribisha Msumbiji na kunirudisha nyuma saa nzima, kawaida yake kila nikija nyumbani. Leo sigombani nayo. Hata ingenirudisha asubuhi nianze siku upya, ningeishukuru.

Mama ametoka ndani!

Ngoja nihemee kwanza. Nimeandika mstari huo, nikaufuta, nikauandika tena, vidole vinakimbia kuliko akili. Pilau bado inanukia mikononi, sauti imekauka kwa vigelegele, na nina unga wa muhogo kwenye nywele ambao nitaueleza baadaye. Shajara yangu, nimekuja kwako mara nyingi nikiwa nimenuna. Leo nipokee hivi hivi nilivyo.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni Somoe, fundi cherehani wa Magomeni, Mtwara mjini. Baba yangu, Mzee Hamisi, alifariki masika iliyopita, tukamzika mvua ikinyesha. Tangu siku hiyo Mama alikuwa ndani anakaa eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo dini yetu inamtaka mjane atulie nyumbani, asijipambe, asitoke ovyo. Leo eda imeisha. Na kwetu siku ya kumaliza eda ni siku ya furaha. Wanawake wanamwogesha mjane alfajiri, wanamvisha nguo mpya, wanampaka mafuta mazuri, wanamtoa nje kwa nderemo, kisha watu wanakula. Nilikuja tangu juzi na gauni nililomshonea kwa mikono yangu, kitenge cha kijani chenye maua ya njano, shingo nimeitarizi mpaka macho yakaniuma.

Basi, Mama akakataa kutoka.

Tulimwogesha vizuri tu. Akavaa gauni, akanyoosha mikono tumpake mafuta, kama mtoto anayevishwa kwenda shule. Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba na msimamizi wa shughuli yote, alipomshika mkono amwongoze mlangoni, Mama akauvuta mkono wake. Akarudi kwenye mkeka. Akavua gauni, akalikunja vizuri kabisa, ncha kwa ncha, akajifunga kaniki yake ileile ya siku zote.

"Mpeni mwingine," akasema. "Mimi nitoke niende wapi? Aliyekuwa ananiita nje hayupo."

Shangazi alikuwa na majibu mengi, akayasema yote, hakuna lililoingia.

Niseme ukweli wangu: niliogopa. Nimewaona wajane wa namna hiyo, eda inaisha lakini wao wanabaki palepale, kila siku wanapungua kidogo, mpaka siku moja watu wanasema "bibi wa watu kamfuata mzee." Mama alikuwa ameshaanza. Chakula anagusa tonge mbili anasukuma sahani. Ukimsalimia anaitikia kwa adabu halafu anarudi kutazama kona ya chumba, pale ilipo mashine ya Baba ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Aliiingiza ndani mwenyewe mwanzoni mwa msiba, akaifunika kwa khanga yake ya zamani, akasema mtu asiiguse. Na mikorosho haingoji msiba uishe. Imeshaanza kutoa maua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, utayala, mashamba ya jirani yote yananuka salfa, la kwetu kimya. Issa, mdogo wangu, kila asubuhi anakwenda kuyaangalia maua, anarudi, anakaa. Hathubutu kuiomba mashine.

Mimi shamba nililiweka pembeni. Nilimtaka Mama. Nimezika mzazi mmoja mwaka huu na sikuwa tayari kumwangalia wa pili akijizika mwenyewe akiwa anapumua.

Hapa inabidi nimweleze Baba, la sivyo hamtaelewa kilichotokea.

Baba alikuwa na mikorosho upande wa juu wa kijiji na mpunga bondeni karibu na mto. Mwezi huu anapalilia, mwezi ule analala kwenye dungu, kibanda chake cha miti mirefu, anapiga debe kufukuza viboko wasimalize mpunga. Na meli zikija kuchukua korosho alikuwa anapanda baiskeli anakwenda mjini kubeba magunia bandarini. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba duniani ana kazi tatu. Nilipoanza shule nikamwona baba wa mwenzangu amekaa kibarazani asubuhi anapiga mswaki taratibu, nikamwuliza yule mwenzangu kama baba yake anaumwa.

Na popote alipotoka, hakurudi mikono mitupu. Akitoka mjini ni mkate, umebanwa na kamba ya baiskeli mpaka umekuwa bapa kama chapati, na tunaugombania hivyo hivyo. Akitoka bondeni ni pingili ya muwa. Siku moja alikosa kila kitu, akatuletea maua ya yungiyungi. Mama akayapokea, akayaangalia, akamwuliza tuyapike kwa nazi au kwa chumvi tu. Baba alicheka mpaka akaketi chini.

Mama alipokuwa na mimba ya Issa, Baba alimkatalia kwenda mtoni kuteka maji kwa sababu ya mamba. Akawa anateka yeye. Mwanamume mzima, madumu kwenye baiskeli, kwenye foleni ya wanawake! Walimcheka jamani. Wakasema Hamisi kalishwa limbwata huyo, kwisha habari yake. Akawajibu kuwa kama hili ndilo limbwata, basi wamwambie mkewe aongeze dozi, hii ya kwanza ilikuwa kidogo. Hadithi hiyo mpaka leo inasimuliwa kisimani.

Mguu wake wa kulia ulikuwa mbovu. Gunia lilimwangukia bandarini na kifundo hakikurudi sawa. Alirudi nyumbani akamwambia Mama kateleza tu, na baada ya siku chache akawa tena juu ya baiskeli, anakanyaga pedali kwa mguu mmoja na ule mwingine anausindikiza. Tangu hapo akawa anachechemea, na alikuwa na haya na kuchechemea kwake. Hakutaka fimbo. Ila mkiwaona njiani yeye na Mama, mtamwona Mama anatembea sambamba naye, siku zote upande wa kulia, bega kwa bega. Wenzake walikuwa wanamtania Mama kwamba hajui adabu, mke gani anatembea sawa na mumewe. Mama hajibu. Sisi watoto ndio tuliojua kwamba Baba ameegemea, na kwamba Mama anatembea pale ili watu wasijue kama ameegemea.

Na alimwita Mama "mwali." Kwetu mwali ni binti aliye unyagoni, anayewekwa ndani mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mama ana mvi na wajukuu, bado mwali! Msimu wa salfa ndio ulikuwa na vituko. Baba anaingia shambani gizagiza, wakati majani bado yana umande wa kushika ule unga, na akirudi ni mweupe kuanzia kope mpaka vidole vya miguu. Anasimama uani, anapiga chafya moja inayoamsha kuku wa jirani, halafu anaita, "Mwali! Toka nje, mzungu wako kafika!" Mama anatoka na maji ya kuoga, amekaza uso kabisa asicheke, kwa sababu akicheka Baba hatakoma mpaka jioni.

Huyo ndiye aliyekuwa anamwita nje.

Turudi leo. Saa nne hivi, ya Tanzania, wanawake wamejaa uani, sufuria limeshatokota, na mtolewaji hataki kutolewa. Watu wameanza kunong'ona. Shangazi amekaa kwenye kinu anajipepea kwa mfuniko. Mara nikasikia kutoka nyuma ya uzio mlio wa injini. Yaani mlio wa mdomo: trrrrrrr! Trrrrrrrrr!

Bi Zaituni huyo.

Bi Zaituni ni Mmakua, mtani wa ukoo wetu, na mwenye kujua utani wa kwetu anajua hapo hakuna salama. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani anaweza kumwigiza marehemu mbele ya jeneza, na wewe mfiwa huna haki ya kununa. Siku ya mazishi ya Baba alijilaza mlangoni kuzuia jeneza lisipite, akilalama kwamba Hamisi anaondoka kimyakimya kwa kuwa anajua amekula panya wa watu. Hao wawili walitaniana maisha yao yote kwa jambo hilohilo: nani kati ya Mmakonde na Mmakua anayekula panya zaidi. Siku ya arobaini tulipogawa nguo, koti la shamba la Baba alilinyakua yeye, haki ya mtani, na hakuna aliyemgusa.

Sasa akaingia uani amelivaa. Kofia pana kichwani. Mgongoni amefunga dumu la njano kwa kamba za katani, hiyo ndiyo mashine. Mkononi ana bua la jani la mpapai, hilo ndilo bomba. Usoni amejimwagia unga wa muhogo mpaka macho yanaonekana mawili tu kama ya bundi. Trrrrrrr! Akaanza kutupulizia sisi mmoja mmoja kana kwamba ni mikorosho, anachota unga mfukoni, anaupuliza kupitia lile bua, fuuu! "Huu mkorosho mzee, hauzai!" akamwambia Shangazi. Fuuu! "Huu unazaa mabibo matupu!" huyo ni mimi. Halafu akasimama, akainua pua juu, sote tukajua kinachokuja, na akapiga chafya ya Baba, ileile yenye mkia mrefu.

Weee! Wanawake waliangukiana. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja mpaka pumzi ikakata.

Lakini alipoanza kutembea, nikasita. Bi Zaituni alikuwa anachechemea mguu wa kushoto.

Nikadhani macho yangu yananidanganya. Nikatazama tena. Wa kushoto! Na anauvuta kwa nguvu zote, anaudekeza, vumbi linatimka. Kijiji kizima kinajua mguu wa Mzee Hamisi, hata watoto wanaoigiza kwenye michezo yao wanaupatia. Kicheko kikapungua. Wanawake wakaanza kutazamana. Nikaona haya kwa niaba yake, nikajisemea moyoni, masikini, uzee huo, mtani wetu ameanza kusahau. Shangazi akamvuta koti akamnong'oneza, "Zaituni, si huo." Bi Zaituni akamtolea jicho, akauvuta mguu wa kushoto zaidi ya mwanzo, moja kwa moja mpaka chini ya dirisha la Mama. Akatua bua lake.

"Mwali!" akaita, kwa sauti nzito ya Baba. "Toka nje, mzungu wako kafika!"

Nilimchukia Bi Zaituni kwa sekunde hiyo, naapa. Nikasema sasa amemmaliza Mama.

Bi Zaituni akachechemea hapo dirishani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wa kushoto, wa kushoto.

"Zaituni." Sauti ya Mama, kutoka ndani. "Mguu gani huo?"

"Wa mumeo."

"Mume wangu yupi?"

"Una wangapi? Hamisi! Si ndiyo hivi alivyokuwa anatembea?"

"Ni wa kulia."

"Aa wapi. Wa kushoto. Nimemtania Hamisi toka hajaota ndevu, mimi ndiye wa kuambiwa mguu wake?"

"Na mimi nilikuwa nani? Mpishi wake?" Sauti ya Mama ilikuwa imepanda. Jamani, ilikuwa imepanda! Tangu masika sikuwa nimeisikia ikipanda. "Wa kulia, wewe mwanamke! Wa kulia!"

"Wa kushoto," akasema Bi Zaituni, na akaupiga chini, tii!

Pazia la mlango likaruka.

Mama alitoka kama mtu anayekwenda kumwokoa mtoto mikononi mwa wajinga. Peku, kaniki, kichwa wazi, akakatiza katikati yetu bila kutazama mtu. "Sogea," akamwambia Bi Zaituni. "Sogea hapo! Ntu akifa ndiyo mumvunje na mguu mwingine?" Akasimama mahali pake. Akachomeka kidole gumba kwenye mkunjo wa kaniki pale kiunoni, kama Baba alivyokuwa anachomeka kwenye mkanda. Akatazama mbali, kule Baba alikokuwa anatazama akijifanya hana shida yoyote, anakagua mawingu tu. Halafu akatembea.

Shajara yangu, nilimwona Baba.

Nasema nilimwona! Kisigino kwanza, halafu mguu unavutwa, halafu bega linashuka kidogo kama linaomba radhi. Mama yangu mzee, mkimya, ambaye hajawahi kucheza ngoma mbele yangu, alikuwa na mwendo mzima wa mume wake mwilini, miaka yote ameubeba, hakuna aliyejua. Akafika kwenye mpapai, akageuka kama Baba, akarudi kama Baba. Shangazi Mwanaidi akaziba mdomo kwa khanga. "Kaka yangu," akasema. "Kaka yangu huyo."

Bi Zaituni akasimama anamtazama, unga umeanza kuchora mifereji mashavuni. Akasema taratibu, "Haya, nimekubali. Wa kulia." Akaubadili mguu. Akasogea, akatoa kiwiko. Na Mama, bila kuambiwa na mtu, bila kufikiri, akazunguka akaenda kusimama upande wake wa kulia, bega kwa bega, na wale wanawake wawili wakatembea pamoja uani, mmoja na dumu mgongoni amemwegemea mwenzake, polepole, mpaka jikoni, mpaka kwenye banda la kuku, mpaka langoni.

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyelia kwa sauti.

Pale langoni Mama ndipo aliposhtuka. Aliona jua. Akaangalia miguu yake yenye vumbi, akageuka akautazama mlango wa chumba chake kule nyuma, uko mbali, pazia bado linacheza. Nikajua anapima. Hatua zile zile zilizomtoa zingeweza kumrudisha, na safari hii asingetoka tena. Nilitaka kukimbia nimshike. Shangazi akanikanyaga mguu nisiende.

Mama akatuangalia sote, mmoja baada ya mwingine, sote weupe kwa unga wa muhogo kama tumetoka kupulizia shamba zima. Mdomo wake ukaanza kucheza. Alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi kukaza uso. Haikuwezekana. Akacheka! Akacheka akashika goti, akacheka akashika bega la Bi Zaituni, machozi yanamtoka na anacheka.

"Jua lote hili mmenisimamisha na kaniki," akasema. "Gauni langu liko wapi?"

Yarabi! Vigelegele vilivyopigwa hapo, ng'ambo ya mto lazima walidhani tunaoza binti. Nilikimbia kuleta gauni nikajikwaa kwenye kinu, nikainuka, nikajikwaa tena. Tulimvalisha palepale nyuma ya khanga mbili zilizoshikiliwa kama pazia. Limemkaa! Kiunoni limempwaya kidogo, nitalipunguza, au tuseme sitalipunguza, atanenepa mwenyewe. Amekula sahani nzima ya pilau, kisha akasema chumvi haikutosha, akamwuliza Shangazi nani aliyepika. Shangazi, ambaye ndiye aliyepika, alifurahi kukosolewa mpaka akamwongeza nyama.

Na ilikuwa hapo kwenye kula, bila kuulizwa, akamgeukia Issa.

"Hayo maua yakoje?"

Issa akakaribia kupaliwa na mfupa. Akasema yapo, mazuri, ila yameanza kupata ule unga wa ugonjwa upande wa bondeni.

"Mashine imekaa ndani na mimi, imepumzika vya kutosha," Mama akasema. "Itoe leo uisafishe. Kesho alfajiri unaingia. Na usijifunge uso kwa taulo, utakosa hewa. Ile khanga iliyoifunika ndiyo baba yako alikuwa anajifungia. Chukua hiyo."

Issa akasema "ndiyo Mama," akainuka na sahani yake, akaenda kusimama nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Nilimwacha. Mwanamume naye ana haki ya kulia kwenye pilau.

Baadaye nilikuwa naosha masufuria na Bi Zaituni. Alikuwa amenawa, amerudi kuwa bibi wa kawaida mwenye kiuno kinachouma. Nikamwuliza, kwa adabu, kama ni kweli alisahau mguu.

Alinitazama kama nimemtukana.

"Mwanangu, mimi nisahau mguu wa Hamisi? Gunia lilipomwangukia, si mimi niliyekuwa namkanda na maji ya chumvi pamoja na mama yako?" Akasugua ukoko kwanza. "Ningepatia, mama yako Salama angekaa humo ndani akalia, akanishukuru. Kulia kashalia vya kutosha. Nilitaka akasirike. Wewe ungemwacha mtu amkosee mumeo hivihivi mbele ya kadamnasi?"

Nikaacha kusugua, nikamgeukia.

"Na ole wako umwambie," akaongeza. "Ingawa nawajua Wamakonde, siri kwenu ni kama panya kwenye chungu, haikai mpaka jioni."

Kwa hiyo sijamwambia. Nimewaambia nyinyi tu. Mama hasomi blogu.

Nimekaa kibarazani nafikiria jinsi nilivyokuwa nikimkumbuka Baba miezi yote hii: kazi zake, mikate yake iliyobondeka, jasho lake. Nilidhani nikiyakumbuka yote nitakuwa nimemaliza deni la mtoto. Kumbe kuna mtu alikuwa anamkumbuka kwa bega lake la kushoto, lile alilokuwa anaegemewa, na bega hilo limekaa miezi yote bila uzito wake. Mimi nina mume mjini, mzima, miguu yote miwili. Je, namjua anavyotembea? Ningetolewa ndani kwa kukosewa mwendo wake? Nimempigia simu sasa hivi nikamwuliza anaanza na mguu upi akiinuka kitandani. Kaniuliza kama nimepata homa.

Hapa nilipo nawaona Mama na Issa wanapandisha njia ya shambani, wanakwenda kuyatazama maua kabla jua halijashuka. Gauni la kijani linapepea. Issa ana miguu mizima, anatembea wima kabisa, hahitaji kuegemea popote. Lakini Mama yuko upande wake wa kulia, bega kwa bega, na naona kijana amepunguza mwendo, ameinamisha bega kidogo, amemwekea uzito.

Mashine iko hapa uani, imefutwa inang'aa. Kesho nami naingia shambani, nitabeba mfuko wa salfa, na nitarudi mweupe mpaka kope.

Sijaweka alamu. Simu hii sijui itaamkia nchi gani. Mama kasema atatuamsha mwenyewe.